Tupeane uzoefu: kitabu kipya cha kanuni kilipofika mezani kwenu, kilifanya nini?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Wapenzi wa michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimamizi huongoza hadithi, na kitabu cha kanuni na dadu huamua matokeo, hamjambo. Nimefungua mada hii kwa sababu kila mara mchapishaji mkubwa anapotangaza vitabu vya mwaka unaofuata, mazungumzo yetu hugawanyika pande mbili zile zile. Wapo wanaolalamika kwamba vitabu vinatoka haraka kuliko mifuko yao inavyoweza kuvifuata, na wapo wanaolalamika kwamba mchezo umelala kwa kuwa hakuna jipya. Wote huzungumzia ratiba ya mchapishaji, na ni nadra mtu kusimulia kilichotokea kwenye meza yake mwenyewe siku kitabu kilipofika. Hilo ndilo ninaloomba hapa. Elezeni mnacheza mchezo gani, kitabu gani kilifika, na wachezaji wenu walikipokeaje.

Kwa wanaojiunga nasi sasa, inafaa kukumbuka kwamba suala hili lina historia ndefu. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa vijitabu vitatu vyembamba ndani ya kisanduku, na aliyevinunua alitarajiwa kubuni mengi yaliyosalia. Kufikia miaka ya 1990, kampuni ya TSR iliyokuwa ikiuchapisha ilikuwa inauza dunia nyingi za kubuni kwa wakati mmoja, kila moja na vitabu vyake, ramani zake na riwaya zake. Aliyependa ulimwengu wa jangwa hakuwa na haja ya vitabu vya ulimwengu wa meli zinazosafiri kati ya nyota, kwa hiyo wateja wale wale waligawanywa mafungu madogo madogo, ilhali gharama ya kuandika, kuchora na kuchapa ilibaki kubwa kwa kila kitabu. Vitabu vikarudishwa na wasambazaji, madeni yakalimbikizana, na mwaka 1997 TSR ikanunuliwa na Wizards of the Coast. Hao nao walitoa toleo la tatu mwaka 2000, wakalirekebisha 2003, wakatoa la nne 2008 likiwa na kitabu cha wachezaji cha kwanza, kisha cha pili 2009 na cha tatu 2010. Toleo la tano lilikwenda polepole kwa makusudi: vitabu vitatu vya msingi vilitoka kati ya Agosti na Desemba 2014, na miaka iliyofuata vilikuwa vitabu vichache tu kila mwaka. Baadaye kasi ilipanda tena, hadi vitabu vya msingi vilivyoandikwa upya vikaanza kutoka Septemba 2024 na kile cha mazimwi kikafuata Februari 2025.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mpate wa kupingana naye. Ninaamini kwamba kasi ya mchapishaji haiidhuru meza wala haiifaidi mpaka kitabu kiwe kimewekwa juu ya meza hiyo, na kwamba kinachoiumiza meza ni kitabu kumfikia mchezaji mmoja kabla ya wenzake.

Meza yetu hukutana Milimani, sebuleni kwa mmoja wetu. Kitabu cha nyongeza cha Dungeons & Dragons kilichotoka mwishoni mwa 2020 kilitufikia ndani ya sanduku la binamu ya mchezaji mmoja, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Marekani. Kabla ya kitabu kile, aliyecheza mbilikimo alipewa nyongeza ya ustahimilivu kwa sababu ya asili yake, atake asitake. Kitabu kikaruhusu nyongeza za asili zihamishiwe sifa yoyote ambayo mchezaji angeichagua. Mwenye kitabu akaja na mbilikimo msomi, mwenye akili nyingi kuliko msomi yeyote tuliyewahi kuwa naye. Wenzake, ambao walikuwa wameacha wahusika waliowatamani kwa sababu hesabu haikuwaruhusu, walinyamaza kimya ambacho kila msimamizi anakijua. Niliahirisha mchezo wa siku ile. Tulikipitisha kitabu mkono kwa mkono, kila mtu akaruhusiwa kuandika upya karatasi ya mhusika wake, na jioni ikaisha bila dadu kurushwa. Wawili walibadilisha karibu kila kitu na mmoja hakugusa hata herufi, lakini tulipokutana tena kila mtu alikuwa na kitabu kimoja kichwani.

Karibuni.

Mchezaji wa Section 58, Nakuru

Asante, mwanzilishi. Meza yetu hukutana Jumapili baada ya ibada, na kisa chetu kinafanana na chako isipokuwa sisi hatukuahirisha chochote.

Tulikuwa katikati ya kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, tuliyoianza kwa vitabu vya Dungeons & Dragons vya 2014 wakati kitabu kipya cha wachezaji kilipotoka. Mwenzetu mmoja anafanya kazi Nairobi siku za wiki na alikipata mapema, nasi wengine tukaendelea na nakala ya zamani ambayo huzunguka mezani. Ilivyokuwa, kundi letu lina makuhani wawili, yeye na dada yangu mdogo. Vita vilipopamba moto kwenye daraja, shujaa wetu wa mbele akaanguka. Dada akatumia uchawi wa kuponya majeraha, akarusha dadu moja ya pande nane kama kitabu chetu kinavyoagiza, akapata tatu. Zamu iliyofuata mwenzake akatumia uchawi wenye jina lile lile, wa ngazi ile ile, naye akachukua dadu mbili za pande nane. Dada akauliza, kwa utulivu kabisa, kwa nini mungu wa mwenzake anaponya mara mbili ya wake.

Msimamizi hakuwa na jibu, kwa sababu vitabu vyote viwili vilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo kila jambo lilizua swali. Kwa kitabu cha zamani, kunywa dawa ya kuponya kunakula tendo zima la zamu yako. Kwa kipya ni tendo dogo la ziada, na mtu anabaki na nafasi ya kupiga. Kwa cha zamani kuhani huchagua tawi lake la utaalamu akiwa ngazi ya kwanza. Kwa kipya kila mhusika husubiri hadi ngazi ya tatu. Pambano ambalo tungelimaliza kabla ya chai lilivuka saa ya chai, si kwa sababu maadui walikuwa wakali bali kwa sababu kabla ya kila tendo msimamizi alilazimika kuuliza mtu anatumia kitabu gani.

Ninataka kuongeza jambo la fedha, kwa kuwa wanaotuambia tununue tu hawalihesabu. Bei ya Marekani haikusogea: kitabu cha wachezaji kilikuwa takriban dola 50 mwaka 2014 na kilikuwa takriban dola 50 mwaka 2024. Kilichosogea ni shilingi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2014 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Mwanzoni mwa 2024 ilifika karibu 160, ndipo ikashuka hadi karibu 130. Kitabu ambacho kingekugharimu kama shilingi 4,400 sasa kinapita 6,400, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Mchapishaji anaposema kwamba amekaa miaka 10 kabla ya kuandika upya vitabu vya msingi, kwake huo ni uvumilivu mkubwa, nami simlaumu. Lakini sisi vitabu vyetu vitatu tulivipata kwa kuchangishana, kimoja kimoja, na cha mwisho kilifika Nakuru wakati kile cha kwanza cha awamu mpya kilikuwa kimeshatangazwa.

Mwalimu wa kikundi cha maigizo, Kakamega

Nimesoma kisa cha makuhani wawili nikafurahi kwamba mimi nilichagua mchezo usio na haraka.

Kikundi chetu cha shule hukutana saa za michezo, nasi hucheza Basic Fantasy, mchezo ulioandikwa na Chris Gonnerman na kutolewa 2007 kwa mtindo wa kanuni za zamani. Faili zake zinapatikana bure na kihalali, kwa hiyo nilizichapisha shuleni, nikazifunga kwa waya wa spairo na kuzivisha plastiki. Tangu hapo, kila mwaka wanafunzi wapya hupokea vitabu vile vile ambavyo waliotangulia walivitumia, na hilo limezaa jambo ambalo sikulitarajia. Vitabu vimeanza kuandikwa pembeni. Kwenye ukurasa wa milango na mitego, mwanafunzi aliyekwisha kumaliza shule aliandika kwa penseli, “Sikiliza kwanza, halafu fungua.” Chini yake mwingine, wa darasa la baadaye kabisa, ameandika, “Nilisikiliza. Bado nilikufa.” Wa tatu amechora mshale kutoka sentensi ya pili kwenda kanuni ya kuokoka na sumu. Hawa watatu hawakuwahi kukaa meza moja. Kama kitabu kingekuwa kinabadilishwa kila baada ya miaka miwili mitatu, mazungumzo hayo yasingekuwepo.

Toleo la nne la mchezo huo lilitoka 2023. Nililipitia lote kabla ya kuwaambia wanafunzi, nikaona kwamba mabadiliko ni madogo kiasi cha nakala za zamani na mpya kukaa meza moja bila ugomvi. Nilichapisha nakala moja ya msimamizi, nazo za wanafunzi zikaendelea kutumika.

Wanafunzi nao, kama watoto wote, huniuliza kitu kipya kitakuja lini. Huwajibu kwamba kitakuja watakapokiandika, na ninamaanisha. Wapo walioandika mkasa mzima, yaani hadithi ya kuchezwa, unaofanyika ndani ya migodi ya dhahabu ya Rosterman, ambayo wakazi wa Kakamega tunaijua tangu enzi za wachimbaji wa miaka ya 1930. Walitembelea maktaba, wakawauliza wazee wao nyumbani jinsi mashimo yale yalivyokuwa yakishikiliwa na magogo, na ramani waliyoichora ina njia tatu za kutokea, mojawapo ikiwa imejaa maji. Darasa lililofuata liliucheza mkasa huo na kuurekebisha. Kwa hesabu yangu hayo nayo ni matoleo mapya, na yanatoka kwa kasi tunayoiweza.

Mwanafunzi wa chuo, Njoro

Shikamoo mwalimu, na salamu kwa wote. Naomba nafasi ya kuitetea kasi, maana naona nimebaki peke yangu.

Sisi tunacheza Pathfinder. Paizo, wachapishaji wake, wamekuwa wakitoa mikasa mfululizo tangu 2007, kwa muda mrefu sehemu moja kila mwezi, na toleo la pili la kanuni lilitoka 2019. Tofauti kubwa na mchezo wa wenzetu wa Section 58 ni kwamba kanuni zote za Pathfinder zinasomwa bure mtandaoni, kwa idhini ya wenyewe. Kitabu kipya kikitoka, wanachama wote wa meza yetu hupata kanuni zake kwa gharama ya bando tu. Hakuna anayetangulia na hakuna anayeachwa. Mwanzilishi, nakubaliana nawe kwamba kinachoumiza ni mmoja kupata kabla ya wengine, lakini hilo ni suala la mlango, si la mwendo. Fungueni mlango, mtaona kasi yenyewe haina ubaya.

Kisa changu ni cha mwisho wa mwaka 2023. Mapema mwaka huo kulikuwa na mgogoro mkubwa kuhusu leseni ya wazi ya Wizards of the Coast, inayowaruhusu wengine kutumia kanuni za Dungeons & Dragons, ambayo wachapishaji wengi wamekuwa wakiitegemea tangu 2000, na Paizo wakaamua kuandika upya vitabu vyao vya msingi ili visiitegemee tena. Vilianza kutoka Novemba. Miongoni mwa yaliyoondolewa ni ile kanuni ya kale inayomtaka kila mhusika atangaze kama yeye ni mwema au mwovu, mtii wa sheria au mkaidi. Kwetu kanuni hiyo ilikuwa chanzo cha ugomvi usiokwisha. Tulikuwa na askari wa dini aliyeandika kwenye karatasi yake kwamba ni mwema na mtii, na kila mara alipowafunga kamba mateka, mchezaji mwingine alimwambia kwamba mtu mwema hafanyi hivyo, na kikao kikageuka mdahalo. Vitabu vipya vinamruhusu badala yake aandike mambo anayowajibika kuyatenda na mambo yaliyo mwiko kwake. Askari wetu aliandika kwamba ni mwiko kwake kumdhuru aliyeweka silaha chini. Ndani ya kikao hicho hicho mateka mmoja alitupa upanga, akauokota tena, na meza nzima ikageuka kumtazama askari. Lilikuwa swali zito kuliko yote tuliyowahi kuulizana kwa miaka ya kubishana kuhusu wema, na lilitokana na kitabu kilichotoka wiki chache tu kabla yake.

Tena kuna raha ya kusoma ambayo wengi wenu hamjaitaja. Wakati wa mitihani hatuchezi. Mimi husoma kitabu kipya ndani ya matatu kutoka Njoro hadi mjini, nikifikiria mhusika ambaye huenda nisimcheze kamwe, na sioni kama muda huo umepotea.

Muuguzi, Kisumu

Mdogo wangu wa Njoro, umeeleza vizuri sana, na kisa cha askari na mateka nitakipeleka mezani kwetu. Hata hivyo, niruhusu nikuonyeshe upande ambao mtu huufikia akishakuwa na kazi ya zamu na watoto nyumbani.

Meza yetu ina wahudumu wa afya watupu. Kupata siku ambayo hakuna aliye zamu ya usiku ni kazi, kwa hiyo hukutana mara moja kwa mwezi, na si kila mwezi. Tunacheza kampeni ya Dungeons & Dragons iliyochapishwa mwaka 2016, ile ya bonde lenye ukungu na mtawala asiyekufa, ambayo huwachukua wahusika kutoka ngazi ya kwanza hadi ya kumi. Kitabu chenyewe kina kurasa 256 tu, na bado hatujauona mwisho wake. Tangu tulipokifungua, vitabu vimetoka hadi nimeacha kuvifuatilia majina. Hakuna hata kimoja kilichotufaa, kwa kuwa hatujamaliza tulicho nacho.

Tulikuwa na mchezaji mwenzetu, kijana hodari na mwenye kipaji cha kuigiza, ambaye hakuweza kuuvumilia mwendo huo. Kila tulipokutana alikuja na tangazo la kampeni nyingine iliyotoka au inayokaribia kutoka, akatuomba tuiache hii tuanze ile. Hatukugombana. Alianzisha meza yake, nasi tukamtakia heri, na ninajua kwamba ameanzisha kampeni kadhaa tangu hapo, na zote zimekomea sura za mwanzo. Simsimulii ili kumcheka. Ninamsimulia kwa sababu alikuwa anaipenda sana michezo hii, na matangazo yalimnyima kitu ambacho hupatikana sura za mwisho pekee.

Kitu chenyewe ni hiki. Karatasi ya mhusika wangu imefutwa kwa raba mara nyingi mno pale panapoandikwa alama za uhai, hadi ikatoboka, nikaibandika kipande cha karatasi kwa nyuma, na kipande nacho kimeanza kuchakaa. Wenzangu wanamjua mhusika huyu kuliko wanavyowajua baadhi ya majirani zao. Juzi nilichelewa kwa sababu ya mgonjwa, na nilipoingia nikakuta wameshaamua kwa niaba yake kwamba hatavuka mto, kwa sababu “huyu hawezi kumwacha yule mtoto upande wa pili.” Walikuwa sahihi. Sijui kitabu kipya ambacho kingeweza kunipa hilo.

Mwenye duka la uchapaji, Nakuru

Mimi si mchezaji wa mara kwa mara, lakini mwendo wa vitabu hivi naushuhudia kaunta, na nadhani naweza kuongeza jambo la kiufundi.

Januari 2023, baada ya ule mgogoro aliouzungumzia mwanafunzi, Wizards of the Coast waliweka hati ya kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuichapisha, kuifunga na hata kuiuza, mradi ataje chanzo. Hati hiyo ina kurasa takriban 400. Haina kila kitu kilichomo kwenye vitabu vya dukani: kila kazi ya mhusika, kama vile kuhani, imepewa tawi moja tu, na usuli wa mhusika ni mmoja. Lakini inatosha kabisa kwa kucheza, na ukichapisha pande mbili kwa wino mweusi inagharimu sehemu ndogo ya zile shilingi 6,400. Wanaoniletea faili za vitabu vya dukani vilivyonakiliwa bila ruhusa huwakatalia, na badala yake huwaonyesha hati hii. Wengi hawakujua kwamba ipo.

Aprili 2025 ikatoka hati mpya, inayolingana na vitabu vilivyoandikwa upya, chini ya leseni kama ile ya kwanza. Wateja wale wale wakarudi. Mmoja wao aliniomba nimchapishie kurasa zilizobadilika pekee, ili asilipie kitabu kizima upya. Tuliketi tukazilinganisha hati mbili kwenye kompyuta, na tukaona kwamba haiwezekani, kwa kuwa mabadiliko yametapakaa: uchawi huu umeongezwa dadu, ule umepunguzwa muda, zimwi hili limehamishwa kutoka herufi moja kwenda nyingine. Ukitoa ukurasa mmoja, unaofuata unaanza katikati ya sentensi.

Tulichoamua, na sasa huwafanyia wote, ni kutofunga kitabu kimoja kinene. Ninafunga vijitabu vinne, yaani kuunda mhusika, mapigano na kanuni za jumla, uchawi, na mazimwi. Kijitabu cha uchawi ndicho kinachochakaa kwanza, na ndicho wachezaji wengi walichotaka kukibadilisha kwanza. Cha mazimwi, msimamizi mmoja anaweza kukaa na cha zamani kwa muda mrefu bila mtu kulalamika. Wapo wateja ambao wamebadilisha kimoja tu kati ya vinne. Mchapishaji ana mwendo wake, lakini ukiwa umefunga vitabu vyako kwa namna hii, unaweza kumfuata nusu nusu.

Mchezaji, Bungoma

Kwa ufupi. Sisi hucheza Call of Cthulhu, mchezo wa upelelezi na hofu uliotoka 1981. Toleo la saba, la mwaka 2014, lilifanya badiliko ambalo mwanzoni tuliliogopa: sifa za mhusika, ambazo zamani kwa kawaida ziliandikwa kati ya 3 na 18, sasa huandikwa kwa mizani ya mia. Msimamizi wetu alichukua mikasa yake ya zamani, akazidisha kila sifa kwa tano, akaandika jibu kwa kalamu nyekundu pembeni, na tukacheza jioni ile ile. Mkasa ulioandikwa kabla sijazaliwa bado unaweza kututoa jasho. Nadhani mchapishaji anayelinda vitabu vyake vya zamani kwa namna hiyo anaweza kutoa vipya kwa mwendo wowote autakao, kwa sababu hakuna anayehisi kwamba alichonacho kimekufa.

Msomaji mpya, Busia

Nawashukuru nyote. Mimi na rafiki zangu tunataka kuanza, na tatizo letu ni kwamba kila tunapojipanga kununua kitabu tunasikia kingine kinakuja. Tusubiri hadi vitulie, au tuanze na vya zamani?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Ndugu wa Busia, karibu sana. Vitabu havitatulia, havijatulia tangu 1974. Chukueni hati ya bure aliyoitaja ndugu wa duka la uchapaji, ama ile ya 2023 ama ya 2025, lakini iwe moja, na kila mtu mezani aisome hiyo hiyo. Dadu mnaweza kuzirusha kwa programu ya simu hadi mtakapopata za kushika mkononi. Chezeni mkasa mfupi, kisha mwingine, na ikiwa baada ya hapo mnaona kuna jambo mnalolitamani ambalo hati haina, hapo mtajua hasa ni kitabu gani cha kununua.

Ningependa pia kumuuliza ndugu wa Section 58 walivyoamua mwishowe.

Mchezaji wa Section 58, Nakuru

Tuliketi tukakubaliana kwamba kampeni hii tutaimaliza kwa vitabu vya 2014, na mwenzetu wa Nairobi alikubali kurudi kwenye dadu moja bila kinyongo. Kwa kampeni itakayofuata tutahamia vitabu vipya sote kwa siku moja, na mchango wa kitabu cha wachezaji umeshaanza kukusanywa kwa M-Pesa. Tutakapohama, vile vitatu vya zamani havitakuwa na kazi kwetu. Ndugu wa Busia, ikiwa mtaridhika na jalada lililofungwa kwa selotepu, tutavituma kwa basi hadi Kisumu, na mwanzilishi atawapokelea. Tunaomba jambo moja tu, kwamba mtakapoanza, wote mezani mtumie hivyo hivyo.